Mimba ya Ng'ombe wa Saruji

Asubuhi moja ya baridi, umande ukiwa bado mweupe juu ya matuta ya viazi, Emerensiana alikata majani ya gwatemala kando ya shamba lake, akayafunga kwa kamba ya katani, akayabeba kichwani mpaka bandani. Aliyaweka horini, akayatawanya, akachambua mabua magumu na kuyatupa pembeni. Kisha akasimama kidogo kama mtu anayesubiri ng'ombe aanze kula. Ng'ombe hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Baada ya kitambo aliyakusanya majani yale yale, akayatoa nje na kuyalaza mlangoni kwa ajili ya Mwenyekiti.

Kanuni ndivyo ilivyotaka. Kikundi chao cha ng'ombe, katika kijiji kilicho nyuma ya vilima vya Uwemba, kilifuata utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mradi ulileta mtamba mmoja mwenye mimba, akapewa mwanakikundi wa kwanza. Mtamba huyo akizaa jike, ndama apewe anayefuata kwenye foleni, naye akikua na kuzaa jike ampe wa tatu, mpaka kijiji kizima kinywe chai ya maziwa. Anayefuata alipaswa kuwa na banda imara lenye sakafu, na horini pasikose majani mabichi, kwa sababu wakaguzi huja bila kupiga hodi. Mwanakikundi wa kwanza alikuwa Denis, ambaye pia ndiye mwenyekiti. Aliyemfuata alikuwa Romanus, mume wa Emerensiana.

Romanus alilijenga banda kwa mikono yake, binti yao Anjela akiwa bado hajaolewa. Alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni, alipoletewa habari kwamba Neema, ng'ombe wa Denis, amezaa dume, na dume lenyewe limekufa. Akasema basi, watangoja mzao wa pili. Wa pili ukawa dume. Wa tatu, dume. Denis alizitangaza habari hizo nje ya kanisa baada ya misa, mikono nyuma, kwa sauti ya mfiwa. "Ng'ombe wa maskini hazai," alisema, "na akizaa huzaa dume." Denis hakuwa maskini. Nyumba yake ilikuwa na vigae, na gari la kupeleka maziwa ya kikundi Njombe mjini lilikuwa lake, lakini msemo ule aliupenda. Madume yenyewe hakuna aliyeyaona yakikua, kwa kuwa yaliuzwa mbali yakiwa bado madogo.

Romanus alikufa akingoja. Siku za mwisho alikuwa akiomba kitanda kigeuzwe ili alione banda dirishani. "Usiache lilale chini," alimwambia mkewe, na Emerensiana hakuliacha. Alibadilisha nguzo zilizooza, alifyeka, alifagia sakafu ambayo haikuwahi kuchafuliwa. Majani aliyokata kila siku yalikuwa yakinyauka horini bila mlaji, na kikundi kikaona hiyo ni dhambi. Kikaazimia yapewe Neema. Kwa hiyo kila asubuhi Denis alipita na gunia, na kwa miaka yote hiyo Emerensiana alimlisha ng'ombe wa Denis ili asipoteze haki ya kupata ng'ombe wake mwenyewe. Jambo hilo ukilisema haraka linasikika kama upumbavu. Mkutanoni lilisemwa polepole, likapita.

Mwaka huu mkutano ulipitisha mambo mawili. La kwanza: banda litakaloendelea kuwa tupu mpaka mvua zianze, mwenye nalo aondolewe kwenye foleni, awapishe vijana. Wenye uwezo walikuwa wamejinunulia ng'ombe wao wa kukamua; mabanda matupu yaliyokuwa yakingoja yalikuwa bado mengi, lakini la zamani kuliko yote lilikuwa la Emerensiana, na kila mtu alijitahidi asimtazame. Emerensiana aliogopa, na hakuficha. "Wakinitoa nitamwambia nini Romanus?" alimuuliza Kristina, katibu wa kikundi, wakirudi nyumbani. "Nimeshakuwa bibi. Mjukuu wangu anakunywa chai ya rangi. Shamba limechoka, linadai samadi. Mimi nakata majani tu." Kristina alimshika mkono, wakaenda hivyo mpaka njia panda.

La pili: kikundi kiweke sanamu ya ng'ombe mbele ya kituo cha kukusanyia maziwa, wageni wa mradi wakija wapate kitu cha kupiga nacho picha. Kazi alipewa Timoth, fundi wa Makambako.

Timoth alikuwa na karakana kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupunguza mwendo kabla ya kugawana njia ya Mbeya na njia ya Songea. Alitengeneza simba wa mageti, tembo wa nyumba za wageni na malaika wa makaburini. Watu walimsifu kwa kuwa kazi zake hazikuwa na usumbufu mkubwa. Simba aliowaweka kwenye geti moja kule Mafinga walishuka mara moja tu kunywa maji, wakarudi mahali pao wenyewe. Jogoo aliyewatengenezea walimu wa shule fulani huwika siku za mitihani tu. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi cha saruji, na kila alipokuwa akifikiri alisugua kucha zake kwa kipande cha msasa.

Alikuja kijijini akapelekwa kwa Denis kumpima Neema, kwani Denis alisema sanamu ya kikundi ni lazima ifanane na ng'ombe wa kwanza wa kikundi. Emerensiana naye alikuwepo. Siku hiyo alikuwa ameyaleta majani mwenyewe. Neema alikuwa mnene, manyoya yanang'aa. Alimnusa Emerensiana shingoni, akamlamba mkono.

"Mnamtaka alivyo sasa, au alivyokuwa?" Timoth aliuliza, akipitisha kamba yake ya kupimia chini ya kifua cha ng'ombe. "Ng'ombe aliyezaa mara nyingi mgongo hubonyea."

"Alivyoletwa," Denis alisema. "Siku ile anashuka kwenye lori la mradi. Mbichi kabisa."

"Alikuwa na mimba siku hiyo?"

"Kanuni ndiyo hiyo, fundi. Ng'ombe wa kukopa huja na mimba."

Timoth alisugua ukucha wa kidole gumba. Alikuwa na tabia moja iliyomponza mara nyingi: hakuweza kutengeneza nje ya kitu bila ndani yake. Simba wake walikuwa na mbavu na moyo wa jiwe, na malaika wake walikuwa na magoti chini ya kanzu. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anapoteza waya, naye alikubali kuwa anaupoteza.

"Basi lazima niweke ndama," alisema. "Alizaa nini mzao ule?"

"Dume," Denis alisema. "Dume, likafa."

"Nitaweka dume."

Kazi ilifanyika pale pale mbele ya kituo. Timoth alichimba mashimo manne ya miguu, akasimamisha nondo, akazipinda mabega na kuziunga kwa waya wa kufungia. Siku chache za mwanzo ng'ombe alikuwa mifupa mitupu, na watu waliokuja na ndoo za maziwa walimzunguka wakimpa makosa: kiuno kimekaa juu, shingo imekonda, Neema hana nundu kama hiyo. Timoth aliyasikiliza yote, akasahihisha yale ya kweli. Kisha akakaa chini kwenye kigoda, akachukua waya mwembamba na kusuka ndama mdogo aliyejikunja, kichwa juu ya miguu ya mbele, kwato zimekutana. Alimsuka dume kama alivyoambiwa. Alimfunika kwa udongo laini wa saruji, akamning'iniza kwa kamba ndani ya mbavu za mama yake, upande wa kulia, ambako ndama hukaa. Ndipo akazungusha wavu wa kuku, akavisha magunia yaliyolowekwa kwenye uji wa saruji, na ndama akafichika.

Baada ya magunia ilikuja saruji yenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa mwiko na kwa kiganja. Kope alizichora kwa njiti ya kibiriti, na chuchu alizitoboa kwa msumari kwa kuwa, alisema, chuchu isiyo na tundu ni chunjua. Mkia aliubana kwenye makalio usije ukavunjwa na watoto. Rangi nyeusi na nyeupe aliipaka mwisho. Akawaagiza wanakikundi wammwagilie maji kila siku mpaka saruji ikomae, akapanda basi kurudi Makambako.

Saruji ya Njombe haina pupa, baridi huishika mkono. Zamu za kumwagilia zilipangwa vizuri, na baada ya siku chache zote zikawa za Emerensiana, kwa sababu wengine walikuwa na ng'ombe wa kukamua au viazi vya kuvuna, na yeye alikuwa na banda tupu. Alichota maji mtoni, akammwagia ng'ombe mgongoni, akamfunika kwa magunia mabichi. Kwa mazoea alibeba pia mkono mmoja wa majani, akauweka mbele ya pua ya sanamu. Jioni akirudi majani hayapo. Kila mtu alidhani ni mbuzi.

Siku moja alikuwa akilibandika gunia ubavuni, kitu kikamsukuma kiganja kutoka ndani. Aliuacha mkono pale pale. Kikamsukuma tena. Emerensiana akamwita Kristina, ambaye alikuwa ndani ya kituo akipima maziwa.

"Anacheza," alimwambia.

Kristina alifuta mikono kwenye khanga, akaweka kiganja. "Anacheza kweli," alisema. "Upande wa kulia. Tumwite Rejoice."

Rejoice alikuwa afisa mifugo wa kata, dada mwenye buti ndefu na pikipiki isiyopenda kuwaka asubuhi. Alifika mchana. Alivaa glovu yake ya kufika begani, akazunguka nyuma ya ng'ombe, akakuta mkia umebanwa na hakuna njia yoyote. Akaivua glovu na kuikunja. Akatumia njia nyingine: aligandamiza ngumi ubavuni, akaiachia ghafla, akasubiri kusukumwa. Alisukumwa.

"Mimba imekomaa," alisema. "Msimpigie kelele. Na huyo fundi mwambieni arudi aweke njia. Mtu hajengi nyumba bila mlango."

Habari zilimfikia Denis akiwa anapakia maziwa garini. Alisimama na ndoo mkononi. "Vizuri," alisema. "Atazaa dume." Halafu akampigia simu Timoth, akamuuliza kama ni kweli aliweka dume. Timoth alisema aliweka kama alivyoambiwa. Denis akakata simu na kuendelea kupakia, lakini siku hiyo alisahau kumsalimia mtu yeyote.

Timoth alishuka kwenye basi la asubuhi na nyundo na patasi ndani ya mfuko wa mbolea. Alilaumiwa kidogo, akaomba radhi. Aliuchonga mkia polepole mpaka ukaachana na makalio, kisha akafungua njia, akaipiga msasa isije ikaumiza. Ng'ombe alianza kuhema kabla hajamaliza. Ilikuwa saa ya kuleta maziwa, kwa hiyo karibu wanakikundi wote walikuwa pale, ndoo miguuni, makoti mazito, pumzi zinatoka mvuke. Neema wa saruji alizaa akiwa amesimama, kwa sababu miguu yake ilikuwa ndani ya zege. Zilitangulia kwato mbili za mbele, halafu pua. Rejoice alifunga kamba, akavuta pamoja na Timoth kila ng'ombe alipokaza, na ndama akateleza mpaka kwenye magunia kwa kishindo kilichotikisa vifuniko vya ndoo.

Alikuwa na rangi ya saruji mbichi mwili mzima, isipokuwa baka jeupe kama chokaa juu ya jicho la kushoto. Sikio la kulia lilikuwa limepungua ncha. Mama yake aligeuza shingo, akamlamba, na ulimi wake ukasikika kama tupa juu ya jembe. Rejoice aliinua mguu wa nyuma wa ndama, akatazama, akaushusha.

"Jike," alisema.

Watu walimgeukia Timoth. Timoth alichutama, akatazama mwenyewe, akasugua kucha. "Mimi nilisuka dume," alisema. "Mliniona wote. Mlisema niweke ng'ombe alivyoshuka kwenye lori, na mimba yake ile ile. Labda alichokibeba siku ile ndicho hiki."

Hapo ndipo Kristina alipoweka chini kijiti cha kupimia maziwa. Kristina hakuwa mtu wa makelele, na aliyoyasema aliyasema kwa sauti ile ile anayosomea muhtasari wa mkutano.

"Huyu namjua," alisema. "Nilipokwenda Igwachanya kwenye ofisi za wilaya, kwa semina ya makatibu wa vikundi, nilipewa chai kwa mkwe wako, Mwenyekiti. Bandani kwake yupo ng'ombe mwenye baka hilo, jicho hilo, na sikio hilo. Mkubwa, anakamuliwa. Niliuliza wamempata wapi, wakasema zawadi ya baba mkwe. Nikanyamaza, nikasema labda ulinunua. Pembeni yake walikuwepo wadogo zake wawili, na wote ni majike."

Ndama alijaribu kusimama, akaanguka kwenye magoti, akajaribu tena. Denis alitoa leso, akajifuta paji la uso, ingawa baridi ilikuwa ile ile.

"Ng'ombe hufanana, Katibu," alisema. "Hata watu hufanana."

Kila mtu pale alikuwa ameelewa, na kila mtu alikuwa na ndoo ya maziwa miguuni ambayo ingechacha kama isingefika Njombe, na gari la kuipeleka lilikuwa la Denis. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akainama kukaza kifuniko ambacho hakikuwa kimelegea. Ndama akafanikiwa kusimama, akatafuta chuchu, akaipata. Kwa bahati tundu zilikuwepo.

Denis naye aliutumia muda huo vizuri. Alipoirudisha leso mfukoni alikuwa mtu mwingine. Aliweka mikono nyuma, na sauti yake haikuwa ya mfiwa tena, ilikuwa ya bwana harusi.

"Ndugu wanakikundi," alisema, "kanuni inasemaje? Inasema ndama jike wa kwanza apewe anayefuata. Huyu ng'ombe ni Neema. Mmempima wenyewe, mmesema wenyewe anafanana. Neema amezaa jike. Basi leo, mbele yenu, Neema amelipa. Sidaiwi tena. Mama Anjela, njoo upokee ng'ombe wako."

Watu walipiga makofi. Yalianza machache, yakaongezeka, maana makofi yalikuwa rahisi kuliko lile jambo jingine, na wengi walimpenda Emerensiana na kumtakia ng'ombe wa aina yoyote.

Kristina hakupiga. Alimsogelea Emerensiana akamnong'oneza, "Kataa, mama. Tudai yule wa Igwachanya. Yule ndiye wako. Na maziwa yote aliyokwisha kukamuliwa ni yako."

Emerensiana alikuwa akimtazama ndama. Alijua kwamba Kristina anasema kweli. Alimjua yule ng'ombe wa Igwachanya bila kumwona, alijua umri wake kwa sababu ulikuwa sawa na umri wa banda lake. Hasira ilimpanda, akaimeza kwa kuwa haikuwa saa yake. Halafu akatazama juu. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yamesimama upande wa milima ya Livingstone, meusi chini.

"Nitakwenda Igwachanya, mwanangu, nitarudi," alijibu. "Nitaambiwa njoo kesho, nitakwenda tena nirudi. Banda litalala chini mimi nikiwa njiani. Hasira ninayo. Haiozi, itakaa. Huyu yuko hapa, na ana njaa."

Akaenda akapiga magoti kwenye magunia, akamshika ndama kidevu. Kilikuwa cha baridi na cha kukwaruza. Ndama akaingiza vidole vyake mdomoni akavinyonya kwa nguvu, na Emerensiana, ambaye hakulia siku ya maziko ya mumewe kwa sababu ya kazi nyingi za msibani, alilia pale mbele ya kituo cha maziwa bila kuona haya. Alilia kwa raha. Kitu alichokibeba tangu Romanus ashuke kutoka juu ya paa kilikuwa kimetuliwa, na mabega yalimwuma kwa wepesi.

"Anakula nini?" alimuuliza Rejoice, akifuta pua kwa kitenge.

Rejoice alifungua mdomo wa ndama, akaangalia. "Amezaliwa na meno yote. Akimaliza kunyonya hapa mpe majani, hana haja ya kusubiri. Maji mengi, mwagilia na mgongoni, asipasuke. Chanjo hahitaji."

"Chumvi?"

"Kidogo."

Denis alipiga picha na ndama, mkono wake juu ya baka jeupe, kisha akalipeleka gari Njombe, kwa kuwa maziwa hayasubiri. Timoth alibaki kumsafisha mama, akamziba nyufa mbili tatu za kuzaa kwa saruji laini, akampigapiga shingoni. Njia aliiacha wazi. Alisema kwa ng'ombe wa namna hii huwezi kujua.

Walimpakia ndama kwenye toroli, lakini gurudumu lilizama kabla ya njia panda, akashuka mwenyewe. Alitembea nyuma ya Emerensiana akigongagonga mawe, na nyayo zake zilibaki njiani za kijivu, zikakauka, zikawa ngumu. Waliopita na pikipiki walisema, "Kamwene, Mama Anjela, hongera kwa ng'ombe," naye akaitikia kila mmoja. Bandani ndama alisimama kizingitini, akanusa sakafu iliyofagiwa. Akaingia. Emerensiana aliyarudisha horini majani ya asubuhi, ambayo Denis hakupita kuyachukua kwa sababu ya msukosuko wa siku hiyo, na ndama akaanza kula.

Emerensiana alipindua ndoo akaikalia. Mlio wa kutafuna ulikuwa kama kokoto zikichekechwa, krr, krr, na alidhani hajawahi kusikia kitu kizuri zaidi, ikiwemo kwaya ya Pasaka. Alimwambia Romanus, kwa sauti ya kawaida, kwamba banda halijalala. Kisha alikaa tu. Ndama akala mpaka jani la mwisho, akalamba hori, akajisaidia katikati ya sakafu, na ilikuwa samadi kweli, nzito kidogo, yenye mchanga. Emerensiana aliichukua kwa koleo akaitazama, akaenda kuiweka kwenye tuta la kwanza la viazi.

Kesho yake alikata majani kama kawaida, akayaweka horini, akayatawanya, akachambua mabua. Hakuyatoa nje. Alikuwa uani akiosha sufuria Denis alipotokea na gunia lake begani, simu sikioni. Alikuwa akiongea na mkwe wake wa Igwachanya. "Amekamuliwa?" alikuwa akisema. "Vizuri. Na wale wengine? Vizuri. Basi msichelewe." Alimaliza, akaiweka simu mfukoni, akatazama mahali pa siku zote kando ya mlango wa banda. Palikuwa patupu.

"Kamwene, Mama Anjela," alisema. "Nimefuata majani ya Neema."

"Kamwene, Mwenyekiti. Leo hayapo."

"Hukukata?"

"Nimekata. Yameliwa."

Denis alichungulia bandani. Ndama alikuwa amelala kwenye sakafu, anacheua. Aliinua kichwa akamtazama kwa jicho lile lenye baka juu yake, bila ubaya wowote, akaendelea kucheua. Denis alilihamishia gunia lake bega la pili. Hakuwahi kukata majani tangu kikundi kianze, wala panga la kukatia hakuwa nalo.

"Na kesho?" aliuliza.

"Na kesho yataliwa," Emerensiana alisema.

Matone ya kwanza ya mvua yaligonga bati la banda, moja, jingine, kisha mengi. Denis alijifunika gunia kichwani, akashuka njia ya kwenda kwake. Emerensiana alimalizia sufuria, akaingia ndani kubandika chai ya rangi ya mjukuu wake. Maziwa yalikuwa bado sana, ndama alikuwa wa jana tu. Safari hii hakuona vibaya kungoja.